Picha ya Pengo

Mume wangu alipiga picha watu wa Korogwe kwa miaka kumi na sita, na alipokufa tukakuta hatuna picha yake hata moja. Anayeshangaa hilo hajawahi kuolewa na mpiga picha. Siku zote yeye yuko nyuma ya kamera, anakwambia inua kidevu, acha kucheka, na ukimwambia aje na yeye asimame anajibu kwamba filamu imebaki kidogo na wateja wako nje. Kitambulisho chake cha zamani, chenye kapicha ka ukubwa wa stempu, kililowa masika moja kikaota kuvu, tukakitupa bila kufikiri. Binti yetu alikuwa na miaka saba alipofiwa na baba yake. Mimi nilimkasirikia marehemu kwa muda mrefu, nakiri, na hasira yenyewe ilikuwa hiyo ya picha.

Aliniachia studio ya chumba kimoja nyuma ya stendi, kamera ya chuma nzito kama jiwe la kusagia, lenzi tatu, na utaratibu wake wa kazi. Nilikuwa nimekaa kaunta miaka yote nikiandika majina na kukata picha za pasipoti, kwa hiyo kazi niliijua kabla sijaishika. Kilichotutofautisha na studio nyingine ni picha ya pengo. Familia ikifiwa, siku ya arobaini, dua ikishasomwa na watu wakishakula, walituita. Tuliwapanga, wazee kwenye benchi na vijana wamesimama nyuma, na katikati kabisa tukaacha nafasi ya mtu mmoja, mbele na nyuma pasiwe na mtu. Baadaye mume wangu alichukua picha ya zamani ya marehemu, akaikata kwa wembe, akaibandika kwenye lile pengo, akaipiga upya, na familia ikapata picha ambayo baba yupo. Pengo lilikuwa lazima liwe katikati. Alisema mtu hawezi kukaa pembeni nyumbani kwake kwa sababu tu amekufa.

Tuliitwa Kwashemshi, tuliitwa Bungu juu kwenye baridi, tuliitwa Handeni mpaka kwa wafugaji wa kule tambarare, wale waliobatizwa wakaanza nao kufanya arobaini. Arobaini ya mume wangu mwenyewe ndiyo iliyokosa picha ya pengo. Nani angeipiga, na tungebandika nini?

Basi nikashika kamera. Alinifundisha tangu zamani kwamba fokasi haipimwi kwa jicho peke yake. Unatembea kutoka kwenye kamera hadi kwenye magoti ya wateja ukihesabu hatua, ukirudi unazungusha lenzi mpaka kwenye namba yake, kisha ndipo unachungulia kuhakikisha. Pale kidole gumba chake kilipokuwa kikikaa, rangi nyeusi ya kamera ilikuwa imeliwa na shaba imetokeza. Nami nilikuwa naweka changu hapo hapo. Kama mume wangu aliacha kaburi la pili, lilikuwa pale.

Miaka ya ruksa ilipoingia, bidhaa za nje zikaruhusiwa, maduka yalijaa ghafla. Sisi tuliokuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni tukaanza kuchagua redio. Kamera nazo zikaja, nyepesi, za plastiki nyeusi, zinazojifokasi zenyewe. Studio mbili zilifunguliwa upande wa pili wa barabara na zote zilikuwa nazo. Hilo lisingenitisha, maana kazi yangu ilijulikana. Kilichonitisha ni macho. Jicho la kulia lilianza kuona ukungu, kama mtu anayechungulia kupitia glasi ya uji, na la kushoto likalifuata taratibu. Nilijua ni mtoto wa jicho, mama yangu alikuwa naye. Sikumwambia mtu. Mficha maradhi kilio humuumbua, wanasema, na mimi nilikuwa naumbuka kidogo kidogo: picha za pasipoti zilirudishwa kwa sababu hazionyeshi nyusi, bibi harusi mmoja alilia kaunta mbele za watu. Hatua nilizihesabu vizuri. Lakini watu hawakai palepale, husogea, na mimi sikuwa tena na jicho la kuwaona wakisogea.

Jirani yangu pale stendi alikuwa mfanyabiashara wa vitu vya Dubai, mwanaume wa rika la mdogo wangu, mwenye maneno matamu na roho isiyo mbaya. Siku moja aliweka kamera mpya juu ya kaunta yangu.

"Mama, hii haina haja ya jicho lako. Inatafuta yenyewe."

Nilimuuliza kama lenzi zangu tatu zitaingia. Akacheka. Hazikuingia hata moja. Alitaka tubadilishane vyote kwa vyote, kamera ya marehemu na lenzi zake, nipewe hiyo mpya na lenzi yake moja. Alishapata mtu anayependa vyuma vya zamani. Alinipa wiki mbili niijaribu, Jumamosi ya pili nimpe jibu.

Kipya kinyemi, lakini mimi sikukipenda. Siku ya kwanza nilipobonyeza, lenzi ilijisukuma mbele, ikarudi nyuma, ikaunguruma tena mbele, kama mbwa anayenusa wageni mmoja mmoja, mpaka ikatulia na kulia kamlio kadogo kakali. Ndiyo ilikuwa inasema imepata.

Wiki hiyohiyo nikaitwa arobaini Handeni. Alikuwa amefariki mzee mkulima, ameacha mjane mtu mzima kuliko mimi, watoto na wajukuu wengi. Nilikwenda na kamera zote mbili. Ilikuwa alasiri, watu wameshakula, nyumba iko wazi nyuma yao na mlango wake una pazia la maua. Niliwapanga kama kawaida, nikaacha pengo, nikahesabu hatua saba, nikapiga na kamera ya mume wangu. Kisha nikachukua ile mpya.

Nikaelekeza katikati. Lenzi ikaunguruma, ikaenda, ikarudi, ikaenda. Watu wote walikuwa kimya kwa sababu niliwaambia wasitikisike. Halafu ikalia. Niliondoa jicho nikatazama kwa macho yangu haya mabovu: benchi, watu kulia, watu kushoto, na katikati hakuna mtu. Nikarudisha jicho, nikabonyeza tena kitufe nusu, kabla ya kupiga, na ikalia mara moja, safari hii bila hata kutafuta. Nikapiga.

Filamu niliipeleka Tanga kwa basi, kama tulivyofanya sote. Bahasha iliporudi niliifungulia mlangoni kwenye mwanga. Familia nzima ilikuwa imefifia kama watu ndani ya moshi wa kuni. Lakini kwenye pengo picha ilikuwa kali. Nyuma ya pengo ukuta ulikuwa mkali, na mlango wa nyumba, na ndani ya mlango amesimama mwanaume. Bega la kushoto ameliegemeza kwenye fremu, mguu mmoja ameupitisha mbele ya mwingine, uso uko kwenye kivuli. Mume wangu alisimama hivyohivyo akisubiri wingu lipite juani. Niliketi chini, kwenye vumbi la stendi, na watu wakapita pembeni yangu.

Nilipopata nguvu nilikwenda kwa yule jirani mwenye duka. Yeye alitazama picha akacheka.

"Mama, hii inashika kilichopo katikati. Wewe katikati umeweka hewa. Imepita hapo ikashika nyumba."

Hilo nililielewa. Hata kwa kamera ya zamani nisingefokasi kwenye pengo. Ni kosa ambalo angelifanya mpiga picha wa studio yetu tu, maana ni sisi tu tulioacha katikati wazi.

"Na huyu aliyesimama mlangoni?" nikamuuliza.

Akaisogeza karibu. "Mlangoni naona pazia."

Nilirudi Handeni kupeleka picha nzuri, ile ya hatua saba, ambayo mzee nilishambandika katikati ya watu wake. Mjane aliipokea kwa mikono miwili na akakaa nayo mapajani muda mrefu. Kisha nikamwonyesha ile nyingine, nikisingizia kwamba nataka ajue kwa nini haikufaa.

Alitoka nayo hadi juani. "Mwanangu, hapa hapana mtu. Hili ni pazia langu, nimelifunga fundo upepo usilichukue." Kisha akanitazama mimi badala ya picha. "Wewe umemwona nani?"

"Sijamwona mtu, bibi."

"Haya. Ukimwona tena, usimwite jina."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na baridi, na kulikuwa na jua la kupasua mawe. Sikuwa na wa kumwambia. Ningesema Korogwe kwamba namwona marehemu kwenye picha, wangeshauriana kunipandisha Lutindi, kule juu wanakotunzwa wagonjwa wa akili, na wangeshauriana kwa upendo kabisa.

Jumamosi ya pili ilifika. Sababu zangu nilizipanga vizuri nizisikie mwenyewe: macho yanakwisha, wateja wanavuka barabara, binti yuko shule na anataka kula. Zote zilikuwa za kweli na hata moja haikuwa ndiyo yenyewe. Kwa miaka yote nilikuwa na kamera iliyoshikwa na mume wangu, na haikuwahi kunipa hata kivuli chake. Hii ngeni ilinipa siku ya kwanza. Nikafunga kamera ya chuma na lenzi tatu kwenye kitenge, nikavuka kwenda dukani. Mwenye duka alitoa kitambaa akaanza kuisugua, akafika pale kwenye shaba, akasugua hapo zaidi akidhani ni uchafu. Nilimwambia aache, hautoki. Nikaondoka upesi kabla sijasema nimeghairi.

Kamera mpya niliizoea. Unaielekeza kwanza usoni mwa mtu, unabonyeza nusu ishike, kisha unairudisha katikati na kupiga. Picha zikawa safi kuliko zilivyowahi kuwa, na wateja waliovuka barabara wakarudi. Nikaitwa arobaini nyingi. Na kila arobaini, nikishamaliza za familia, nilipiga moja ya kwangu: naelekeza pengoni, naiacha lenzi iungurume itafute, ikilia napiga.

Alikuwepo. Si kila mara. Kwashemshi alikuwa kwenye migomba, amesimama vilevile, bega kwenye shina. Nikakisia umbali kama alivyonifundisha: hatua kumi na tano nyuma ya benchi. Ile ya kwanza Handeni ilikuwa ishirini. Kwa wafugaji, mwaka uliofuata, alikuwa kwenye lango la zizi, hatua kumi. Ng'ombe walikuwa wametazama kamera, wote, isipokuwa mmoja aliyemgeukia yeye. Bungu ilikuwa asubuhi ya ukungu, na alikuwa nyuma ya benchi kabisa, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angewagusa waliokaa. Uso bado sikuuona. Usiku nilikuwa silali kwa hofu, na mchana nilikuwa nasubiri kwa hamu msiba wa watu wengine, jambo ambalo mpaka leo linanitia aibu.

Kadiri macho yalivyozidi kuharibika ndivyo alivyozidi kusogea. Mtu mwenye akili zake angejumlisha hayo mawili. Mimi nilikataa kujumlisha.

Binti yangu wakati huo alishakuwa mwalimu, amepangiwa shule huko Bungu. Alikuja likizo akanikuta namimina chai pembeni ya kikombe.

"Mama, tangu lini?"

"Ni mwanga tu wa humu ndani."

"Tuko nje, mama."

Akanikalia kooni. Alikuwa ameulizia hospitali, ameambiwa upasuaji wake ni mfupi na watu wanatoka wanaona. Nilimwambia nitakwenda, ila nisubiri kwanza arobaini moja, nimeshawaahidi watu. Hakuelewa kwa nini mama yake anaing'ang'ania kazi moja kuliko macho yake. Sikumwambia kwamba kutoka nyuma ya benchi hadi kwenye pengo imebaki hatua moja, na kwamba akifika hapo atakaa, na akikaa jua litampata usoni.

Arobaini hiyo ilikuwa hapahapa Korogwe, chini, upande wa mashamba ya mkonge. Binti alinishika mkono hadi pale. Familia waliniona ninavyopapasa wakanipisha kwa heshima. Picha zao niliwapigia kwa kusikiliza: naelekeza sauti ilipo, inalia, napiga. Kisha nikaelekeza katikati. Kwa mara ya kwanza haikuunguruma kabisa. Ililia papo hapo, kana kwamba kilichokuwepo kilikuwa kinaisubiri. Nikapiga, na nikasikia harufu ya dawa ya kusafishia filamu, ile tuliyokuwa tukiitumia zamani za picha nyeusi na nyeupe, ambayo haikuwa imeingia nyumbani kwangu tangu alipokufa.

Bahasha ilipotoka Tanga niliifungua mwenyewe. Niliiweka picha karibu na pua, nikaipeleka mbali, nikaigeuza kwenye jua. Nyeupe tupu. Nilikuwa nimeshika mkononi picha pekee ya mume wangu duniani na sikuweza kuiona.

"Hapa katikati kuna nani?" nikamuuliza binti.

"Hapana mtu, mama. Ni pengo tu."

"Tazama vizuri."

Alitazama. Nilimsikia akivuta pumzi, nikamshika mkono, lakini alikuwa analia tu kwa ajili yangu.

Nilimwambia twende hospitali kesho. Alifurahi, akanikumbatia, akadhani amenishinda kwa hoja. Nilikwenda ili nikamwone mume wangu. Mjane wa Handeni na mwenye duka na binti yangu hawakumjua anavyosimama, nilijiambia, ndiyo maana wanaona pazia. Mimi nikipata jicho nitamwona.

Daktari aliuliza kwa nini nimekaa na hali hiyo miaka yote. Nilisema sikuwa na mtu wa kunileta. Binti yangu alikuwa amekaa pembeni yangu akiusikia uongo huo.

Walinipasua jicho moja kwanza, na bandeji ilipofunguliwa, kitu cha kwanza nilichoona ni uso wa binti yangu, na nilishtuka, kwa sababu alikuwa mtu mzima. Ana mikunjo miwili midogo pembeni ya mdomo. Ilikuwa imekuja wakati mimi natazama kwingine. Nilifurahi, sitaki kudanganya, nilifurahi mpaka wagonjwa wenzangu wakaanza kunitania kwamba nimepata mchumba.

Nyumbani, asubuhi, nilikaa kizingitini na bahasha zangu zote. Nilianza na ile ya mwisho. Pengoni palikuwa na ukuta wa matofali, ndoo ya bluu, na kuku aliyeinua mguu mmoja. Nilihesabu matofali. Nikachukua ya Bungu: nyuma ya benchi palikuwa na nguzo, na koti la mvua limetundikwa kwenye msumari. Kwa wafugaji ilikuwa blanketi juu ya lango la zizi. Kwashemshi yalikuwa majani makavu ya mgomba. Handeni lilikuwa pazia la maua, limefungwa fundo, kama bibi alivyosema. Nilizipitia tena zote kuanzia mwanzo, nikazigeuza juu chini, nikafumba jicho lililopona nikatazama kwa lile bovu. Halikunipa kitu. Nikalia kilio cha msiba, na majirani wakaja mbio kuuliza nani amekufa.

Wiki hiyo nilikwenda kwa mwenye duka kuulizia kamera ya chuma. Alijitahidi kukumbuka, masikini. Aliyeichukua alikuwa msafiri, labda wa Morogoro, labda wa Moshi, na ni miaka sita. Alinipa soda. Nikanywa nusu, nikarudi studio, nikapiga picha za pasipoti za watu wanne, kali zote.

Jioni binti yangu alinikuta nimezitandika zile picha juu ya meza, na nikamweleza yote, kwa mara ya kwanza, bila kuficha. Hakucheka wala hakutaja Lutindi. Akauliza kitu ambacho mtoto aliyefiwa na miaka saba ana haki ya kuuliza.

"Baba alikuwa anasimamaje?"

Nikainuka nimwonyeshe. Nikaenda mlangoni, nikaegemeza bega la kushoto kwenye fremu, nikapitisha mguu mmoja mbele ya mwingine, nikainamisha uso. Nikakaa hivyo kidogo. Halafu nikashindwa kuendelea, kwa sababu nilijaribu kumkumbuka akiwa amesimama mahali pengine popote, studio, jikoni, siku ya harusi yetu, na kila nilipomtafuta nilipata lile pazia.

"Ndivyo alivyokuwa?" binti yangu akauliza.

Alikuwa amenitazama kwa makini sana, ili asisahau. Nikamwambia ndiyo.